Kupiga mbizi: tatizo si woga

Jamani, nimechoka kusikia eti watu wa Kibera na Kawangware hawapigi mbizi kwa mitungi ya hewa kwa sababu wanaogopa maji. Uongo mtupu! Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, limepakana na Kibera. Kandoni palikuwa na klabu ya mashua iliyofundisha pia kupiga mbizi. Mwenye ada alizama. Asiye nayo alitazama. Leo bwawa lenyewe limejaa uchafu na magugu maji. Kawangware nako, wengi wananunua maji kwa mtungi wa lita 20. Watoto wajifunzie wapi hata kuogelea? Sisi waandika programu hatuiiti programu mjinga kabla ya kuipa data. Safisheni bwawa kwanza, ndipo mhesabu waoga!