Kabla ya boksi la robotiki, nunua mita

Zile video unazijua. Msee anafungua boksi, anatoa bodi ya Arduino, anawasha taa tatu, anasema kifaa ni kikali na bei ni poa, halafu linki ya kununua iko hapo chini. Dakika nane zimeisha. Nami nimeandika hakiki za namna hiyo kwa miaka mitatu sasa, tangu karo iliponishinda nikaacha chuo mwaka wa pili. Leo acha nikuambie ukweli wewe uliye Mwingi, Mutomo, Wote ama Emali: nyingi tunaziandika kana kwamba kila msomaji anaishi hatua mia moja kutoka Luthuli Avenue.

Wewe huishi huko. Kifaa kikikufia mkononi, kukirudisha Nairobi ni nauli ya kwenda na kurudi, na mara nyingi nauli hiyo inazidi bei ya kifaa chenyewe.

Mwaka jana binamu yangu wa Kibwezi, aliyekuwa kidato cha tatu, alimshawishi babake auze mbuzi. Wakatuma 4,800 kwa M-Pesa kwa muuzaji waliyempata mtandaoni, wanunue boksi la "vipande 200 vya robotiki". Lilifika kwa matatu baada ya siku tisa. Ukihesabu kila rezista na kila kiwaya, kweli vilikuwa 200. Lakini bodi haikuongea na kompyuta ya saiba hata kidogo, na muuzaji hakushika simu tena. Mjomba hakupiga kelele. Alisema tu mambo ya waya yaishie hapo, na kijana akasukuma boksi chini ya kitanda. Lilikaa huko miezi mitano.

Nilipopata habari nilipanda gari hapa Kitui, nikashuka na ile barabara ya lami ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Mfukoni nilikuwa na mita ya manjano niliyonunua soo nne, ile maltimita ndogo ya DT830 ambayo kila fundi wa redio anayo.

Kazi yenyewe ilichukua robo saa. Tulichomeka bodi, tukapima: volti 5 zinafika. Basi bodi haijafa, inakula stima vizuri. Tukaugeukia waya wa USB uliokuja na boksi, tukaukata. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Waya wa kupitisha data una nne. Mbili za zaidi kwa kawaida ni ya kijani na nyeupe. Huo wao ulikuwa wa kuchaji tu. Tukachukua waya wa simu yangu, tukaweka programu ndogo ya chipu ya CH340 ambayo bodi hizi za bei nafuu huihitaji ndipo kompyuta izitambue, na taa ikaanza kumeza na kutema mwanga kama ilivyoagizwa.

Waya wa mia moja hivi ndio uliomzuia mtoto wa watu miezi mitano, na mbuzi akaonekana amepotea bure. Hakuna hakiki hata moja aliyosoma iliyomwambia jambo hilo. Zote zilimwambia anunue boksi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama una ngiri tano na hamu ya kujua vitu vinavyofanya kazi, usianze na boksi. Anza na mita, chuma cha solda cha mia tano hivi, na taa ya sola iliyokufa. Hiyo ya mwisho usinunue. Ukambani karibu kila nyumba ina moja juu ya kabati, betri imeisha na paneli bado nzima. Omba.

Kuhusu mita, angalia mambo mawili. Aina nyingine hazina mlio wa kuonyesha kama waya umekatika, kwa hivyo tafuta alama ya spika usoni pake. La pili ni la uhai wako: tundu lililoandikwa 10A mara nyingi halina fyuzi. Ukiacha kiwaya hapo kisha uguse soketi ya ukutani, umeunganisha volti 240 moja kwa moja, na mita inaweza kukulipukia. Mita hizi ni za betri na bodi. Stima ya ukutani waachie wenye mita za maana.

Betri ndizo zinaniudhi zaidi. Zile za lithiamu za mviringo, 18650, utaziona sokoni zimeandikwa 9900mAh. Ni uongo, na huhitaji maabara kuujua. Hata za makampuni makubwa kwa kawaida huishia 3500 hivi. Nenda nayo kwa duka lenye mizani ya dijitali, uipime: nzima huwa karibu gramu 45. Niliyouziwa mimi ilikuwa 28. Betri za laptopu zilizokufa huwa na seli mbili tatu nzuri ndani, lakini usizifungue kwa kisu kama unafungua githeri ya mkebe. Ukizitoboa zinawaka.

Kuhusu bodi sitakaa sana. Ningechukua ESP32 kabla ya Arduino Uno, kwa sababu ina Wi-Fi na Bluetooth na Uno ya kawaida haina. Yangu ilikuwa 1,100. Uno ya kuiga nililipa 1,400. Faida ya Uno ni kwamba haifi upesi: inafanya kazi kwa volti 5, wakati miguu ya ESP32 ni ya 3.3 na ukiisukumia 5 unaweza kuichoma. Na usione haya kununua ya kuiga. Walioanzisha Arduino huko Ivrea, Italia, mwaka 2005 waliachilia michoro yake wazi. Jina ndilo lao.

Sasa udongo. Ndani ya boksi la binamu mlikuwa na kihisi cha unyevu, kile cha meno mawili ya chuma. Tulikidunga kwenye kitalu cha mipapai. Niliporudi baada ya wiki tano meno yalikuwa yameliwa, na namba zilikuwa za kubahatisha. Hivyo ndivyo kilivyo: umeme unapita kwenye udongo wenye maji, chuma kinakwisha. Msee wa video hakukiacha udongoni wiki tano, alikitia kwenye glasi ya maji akasema kinafanya kazi.

Kuna kingine chembamba, cheusi, kisichoacha chuma wazi, cha mia tatu hivi. Nunua hicho. Kingo zake hunyonya maji, kwa hivyo zipake rangi ya kucha mara mbili. Tulitumia ya dadake binamu, hakufurahi. Kisha angalia chipu ndogo iliyo juu. Ikiwa imeandikwa NE555 badala ya TLC555, huenda isifanye kazi sawasawa kwa volti 3.3.

Kibwezi hii si mchezo wa watoto. Maji ya kitalu yananunuliwa kwa mtungi, na mjomba alikuwa akimwagilia kila asubuhi kwa kuangalia udongo wa juu. Juu umekauka, lakini vidole viwili chini kihisi kinaonyesha bado kuna unyevu. Siku hizi kuna asubuhi anaruka.

Kama hata soo nne huna, bado unaweza kuanza. Tovuti ya Wokwi inakupa Arduino na ESP32 za kuchezea ndani ya kivinjari, bure; unaziunganisha na kuziandikia programu bila kuunguza chochote. Na ukishapata bodi, ArduinoDroid inakuwezesha kuiprogramu kwa simu ya Android, bila laptopu.

Kwa kaunti nina ombi moja. Makueni ina vyuo vya ufundi vya CTTI, Kitui ina vyake vya mafunzo ya ufundi, na serikali imeweka vituo vya ubunifu katika maeneobunge. Kompyuta na Wi-Fi ni sawa. Ongezeni meza moja yenye mita mbili, chuma cha solda na mtu anayejua kuvitumia, na Jumamosi mlango uachwe wazi hata kwa asiyesajiliwa. Gharama yake haifiki ya hema moja la uzinduzi. Binamu yangu angetembea hadi hapo na waya wake, angerudi nyumbani jioni hiyo hiyo.

Mita yangu sijairudisha Kitui. Mjomba ameanza kuipimia betri za bodaboda za jirani: 12.6 nzima, chini ya 12 kachaji. Nilipoiomba alisema nisubiri, kuna mtu analeta redio.