Staa Kachomoa Mbio za Dunia? Kabla Hujamtukana, Soma Hapa Kwanza

Wadau, mnaikumbuka ile wiki ya Septemba 2025 pale Kigali? Barabara zimefungwa, shule zimefungwa, watu wamejipanga pembeni ya kile kilima cha Kimihurura utadhani wanasubiri bibi harusi ashuke kwenye gari. Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika.

Siku ya wanaume, tarehe 28, tulikuwa watu sita tumebanana mbele ya simu moja, bando la kuchangishana. Kabla hata mbio hazijachanganya jamaa mmoja akauliza, "Vingegaard yuko wapi?" Hayupo. "Van der Poel?" Hayupo. "Van Aert?" Naye hayupo. Dada mmoja akadakia kwamba hata jana yake kwa wanawake, Lotte Kopecky, bingwa wa dunia wa 2023 na 2024, hakuja kutetea jezi yake. Kikao kikatoa hukumu palepale: wametudharau kwa sababu ni Afrika.

Mimi siku ile niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Leo nimekuja kubisha. Kubisha nusu, maana nusu nyingine bado nimekasirika, na nitasema nimekasirikia nani.

Tuanze na njia yenyewe. Wanaume walipewa kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote walivyopanda unapata kama mita 5,475. Kilimanjaro yetu ni mita 5,895 toka usawa wa bahari. Yaani jamaa wamepanda karibu Kilimanjaro nzima kwa baiskeli, siku moja, kwenye mji ambao tayari uko juu kiasi cha mita 1,500 na hewa yake si ya Kigamboni. Waliomaliza ni 30 tu, katika kundi la zaidi ya watu 160. Sasa mtu mwenye mwili wa Van der Poel, uliojengwa kwa nguvu za kulipuka na mbio za mawe kule Ubelgiji na Ufaransa, anakwenda kufanya nini pale? Kupiga picha? Yeye aliangalia ramani, akapeleka miguu yake kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani huko Uswisi mwezi huohuo. Hakuambulia kitu cha maana, lakini hesabu naielewa.

Na si jambo la Kigali peke yake. Mwaka 2016 mashindano yalikuwa Doha, Qatar, njia imenyooka kama meza, joto la kuchemsha ubongo. Safari ile wapanda milima wengi ndio waliobaki nyumbani, na waliopanda jukwaani walikuwa Sagan, Cavendish na Boonen, wote watu wa kasi. Miaka miwili baadaye ikawa Innsbruck, Austria, milima mitupu, na Valverde akavaa jezi ya upinde wa mvua akiwa na miaka 38. Kila mwaka njia inabadilika, na kila mwaka kuna kundi la mastaa wanaoangalia ramani na kusema asante, msimu mwema. Hii ndiyo tofauti na mpira. Uwanja wa mpira ni uleule uwe Temeke au Madrid.

Halafu kuna suala la kalenda. Vingegaard alimaliza mbio za wiki tatu za Hispania, Vuelta, tarehe 14 Septemba akiwa bingwa. Wiki mbili baadaye ndiyo Kigali. Kuna viumbe wanaweza, lakini mwili wa binadamu wa kawaida baada ya wiki tatu za kupanda milima unataka kitanda na wali wa nazi. Alichagua mbio za Ulaya zilizofanyika Ufaransa Oktoba 5, na hata huko aliachwa mapema, hakumaliza. Kwa hiyo angekuja Kigali mngemtukana vilevile, ila kwa sababu nyingine.

Sasa tuje kwenye pesa, maana mjini kila kitu kinaishia hapo. Mwendesha baiskeli halipwi na nchi yake. Analipwa na timu ya kampuni: sijui shirika la ndege, sijui wauza baiskeli, sijui supamaketi. Miezi tisa ya mwaka anavaa jezi ya bosi. Wiki moja tu anavaa ya taifa, tena baiskeli anayopanda ni ileile ya bosi. Kwenye mpira, FIFA ina tarehe zake, na klabu inalazimika kumwachia mchezaji. Kwenye baiskeli, wiki hiyohiyo ya mashindano ya dunia kuna mbio nyingine zinaendelea Ulaya zenye pointi, na mwaka 2025 pointi zilikuwa suala la kufa na kupona: ndio mwaka uliofunga hesabu ya miaka mitatu ya kuamua timu zipi zinabaki daraja la juu na zipi zinashuka. Kama wewe ni meneja na timu yako inaning'inia, utamwambia kijana wako nini? Nenda kapeperushe bendera?

Na huu ndio utamu wenyewe wa mashindano ya dunia, kama unapenda drama. Watu wanaokula sahani moja mwaka mzima wanagombana siku moja, halafu Jumatatu wanarudi kwenye basi moja. Kigali, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, Pogačar wa Slovenia akashambulia kwenye Mlima Kigali. Nani walimfuata? Ayuso wa Hispania na Del Toro wa Mexico. Wote watatu wakati ule walikuwa wanalipwa na timu moja! Mimi sisemi kitu, nimetaja tu. Wenzake waliishiwa pumzi mmoja baada ya mwingine, na yeye akaenda peke yake mpaka mwisho.

Mnataka ya kuliza zaidi? Florence, 2013. Hispania ina watu wawili mbele, Rodríguez na Valverde. Rodríguez kachomoka, anakaribia ubingwa. Rui Costa wa Ureno anamfukuza, na Valverde, ambaye kazi yake ilikuwa kumng'ang'ania Mreno huyo, akabaki anaangalia. Rui Costa akashinda. Valverde na Rui Costa mwaka ule walikuwa timu moja ya mshahara. Rodríguez alilia jukwaani huku amevaa medali ya fedha, na watu wanabishana mpaka leo kama Valverde alichoka kweli au vipi.

Sasa timu hizi zinachaguliwaje? Kwanza idadi. Nchi zinapangwa kwa pointi walizovuna waendeshaji wake. Zilizo juu kabisa zinapewa nafasi nane, zinazofuata sita, halafu nne, na ukishuka chini unabaki na kiti kimoja. Bingwa mtetezi anaongezwa juu ya hesabu, na bingwa wa bara naye ana njia yake. Maana yake nchi ndogo inaingia na mtu mmoja dhidi ya Wabelgiji wanane wanaosukumiana upepo na kupeana maji. Na huku chini hakuna redio za masikioni kama kwenye mbio nyingine, kwa hiyo yule mmoja hana hata wa kumuuliza nani katoroka.

Baada ya idadi, anakuja kocha wa taifa na karatasi yake. Hapa ndipo moto. Si kwamba anachukua wanane bora. Anachukua mabosi wawili na vibarua sita, na vibarua wenyewe ni mastaa kwao. Mwaka 2021 kule Leuven, nyumbani kabisa, Ubelgiji ilimfanya Van Aert kuwa bosi na Evenepoel akaambiwa afanye kazi. Kijana akafanya kazi. Mfaransa Alaphilippe akashinda. Siku chache baadaye Evenepoel anakaa kwenye televisheni anasema alikuwa na miguu ya kushinda. Bifu la kitaifa! Mwaka uliofuata, Wollongong, Australia, wakapewa uhuru wote wawili na Evenepoel akashinda kwa kuondoka peke yake. Kocha hapo unajificha wapi?

Na msidhani sisi tuko pembeni ya stori hizi. Chris Froome, bingwa mara nne wa Tour de France, alizaliwa Nairobi na mwaka 2006 alitaka kuiwakilisha Kenya kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 23 kule Salzburg. Mwenyewe ameshasimulia kwamba alitumia barua pepe ya kiongozi wa shirikisho, bila huyo kiongozi kujua, akajisajili mwenyewe. Akaenda peke yake, na kwenye mbio za kupima muda akamgonga ofisa wa mashindano hata kabla hajachanganya mwendo. Unacheka, eeh? Mimi nilicheka, halafu nikajiuliza: mtu mwenye kipaji cha namna ile anafikaje mahali pa kuingia kwenye barua pepe ya mtu? Kwa sababu hakuona mlango mwingine. Mwaka 2008 alikuwa na leseni ya Uingereza. Mengine mnayajua.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia. Sina tena ugomvi na staa mwenye miaka 29 aliyeangalia ramani akasema hapana. Ana kesho. Ugomvi wangu ni na baadhi ya mashirikisho ya Ulaya, siyataji, yaliyopunguza timu za Kigali kwa kisingizio cha gharama, na panga likaanzia kwa watoto. Daraja la junia ni miaka miwili tu, 17 na 18. Ukikosa mmoja umekosa nusu ya maisha yako ya junia, na hakuna aliyekuuliza. Staa kakataa mwenyewe. Mtoto kakatwa.

Najua kuna atakayesema Congo ilikuwa inawaka, Goma ilikuwa imeanguka mwezi Januari, watu waliogopa. Sawa. Aliyeogopa usalama aseme usalama, na hiyo ni hoja nzito, watu wamekufa kule. Lakini wao walisema tiketi. Tiketi! Waeritrea wanakwenda Ulaya kila mwaka kwa tiketi ileile, wakianzia na foleni ya viza ambayo Mzungu hajawahi kuisimamia. Mwaka 2021, Leuven hiyohiyo ya bifu, Biniam Girmay alichukua fedha ya chini ya miaka 23, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali kwenye mashindano haya. Kama miezi sita baadaye, akashinda Gent–Wevelgem. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kwenda nyumbani na jezi ya kijani. Weka shirikisho la Asmara likisema mwaka ule kwamba Ubelgiji ni mbali, tubaki tu.

Na waliokuja Kigali wala hawakujuta. Kwa wanawake, vigogo walichungana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakasahau walio mbele, na Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye jina lake halikuwa kwenye midomo ya watu asubuhi ile, akaondoka na upinde wa mvua. Kwenye kile chumba chetu hakuna aliyekuwa anamjua. Tulishangilia mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Septemba 2026 mashindano ni Montréal, huko kwao Vallieres. Kutoka Ulaya unavuka bahari nzima ya Atlantiki. Mimi nakaa hapa na orodha za majunia mkononi, nasubiri nione nani atasema tiketi ni ghali.