Kabla Hujamwanika Mtu Kwenye Kundi

Ndugu zangu wa Noonkopir, Yukos, Milimani na Kitengela yote, nina ombi kuhusu zile picha mnazosambaza kwenye makundi ya simu. Mnazijua: mtu kanaswa na kamera ya geti, juu yake pameandikwa, "Chungeni huyu, ni mwizi." Jua halijazama, imeshafika Isinya na Kajiado mjini. Na aliyeibiwa ni nani? Hakuna anayeuliza.

Wizi upo, sikatai. Anayeamka akakuta zizi tupu ana haki ya kupiga kelele. Lakini neno "mwizi" tumeshaona linavyoweza kuishia. Usiku wa tarehe 8 Agosti 2021, vijana wanne waliokuwa na pikipiki huku kwetu walidhaniwa wezi wa mifugo, wakauawa na umati. Jamaa zao walisema walikuwa wametoka tu kutembea. Hakuna mahakama iliyowahi kuwapata na hatia ya wizi huo.

Kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni kumchafulia jina. Waingereza huita kuchafuana kwa mdomo "slander". Neno hilo walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake wa mbali ni "skandalon" la Kigiriki, yaani mtego. Mfugaji hahitaji kufafanuliwa: mtego hauulizi anayepita ni nani.

Wako wanaodhani kuchafuana kuliruhusiwa Februari 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Sivyo. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia, mradi ashtaki ndani ya miezi 12. Ila mama mboga atatoa wapi pesa za wakili? Ndiyo maana nawaomba ninyi kwanza.

Ukiibiwa, nenda kituo cha polisi, chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha utuandikie kilichopotea, lini na wapi. Uso wa mtu waachie wapelelezi. Wasimamizi wa makundi, picha ya tuhuma isiyo na nambari hiyo ifuteni, hata kama aliyeituma ni mwenyekiti wa mtaa.

Na kama ulishamwanika mtu asiye na kosa, kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kusahihishiwa. Usingoje adai. Rudi kwenye kundi lile lile, si pembeni kwa simu, useme ulikosea, kisha uwaombe wote waliosambaza ile picha wasambaze na haya.