Mtu Hapimwi kwa Siku Moja

Darasani mwetu kuna desturi mbaya: mtu akianguka mara moja, jina lake limekwisha. Mimi nilianguka mtihani nikarudia mwaka, na hata leo, nikiwa na miaka 19, naitwa "Mzee". Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari za Sir John Smyth, Mwingereza.

Mwaka 1915, huko Ufaransa, Luteni Smyth na askari kumi wa jeshi la Uhindi waliojitolea walipeleka mabomu 96 mbele, karibu kabisa na Wajerumani. Alivuka kijito kwa kuogelea huku risasi zikimiminika. Wanane waliuawa au kujeruhiwa. Yeye na wawili wakafika. Akapewa nishani ya Victoria Cross.

Baadaye alikuwa jenerali huko Burma. Alitaka kurudi mapema nyuma ya mto Sittang, lakini mkubwa wake akakataa. Alfajiri ya tarehe 23 Februari 1942, kwa kuhofu Wajapani wasilikamate daraja, alikubali livunjwe, na sehemu kubwa ya jeshi lake i ng'ambo bado. Wengi walizama. Smyth akaondolewa katika ukubwa, akarudishwa kwao.

Je, maisha yake yaliishia pale? Hasha! Mwaka 1945 aligombea Bunge, akashindwa na Ernest Bevin. Akajaribu tena, na mwaka 1950 watu wa Norwood, London, wakamchagua. Tangu 1951 hata 1955 alikuwa msaidizi wa waziri katika wizara ya pensheni, iliyoangalia pia waliojeruhiwa vitani. Mwaka 1956 akafanywa baroneti. Alikaa Bungeni hata 1966.

Labda mtu atauliza, "Na wale waliozama, nani aliwapa nafasi ya pili?" Swali hilo ni la haki, wala siwezi kulijibu kwa kumsifu Smyth. Wazee wetu wa K.A.R. nao walipigana Burma mwaka 1944. Amri moja ya mkubwa iliweza kuwagharimu roho zao. Nisemalo ni hili: tusimpime mtu kwa nishani yake peke yake, wala kwa daraja lake peke yake, bali tutazame pia alilofanya kesho yake. Ubaroneti mwana huurithi kwa babaye. Kuinuka baada ya kuanguka hakurithiwi.

Basi, mwenzetu akianguka muhula huu, tumwite kwa jina lake.