TUSILAZE WATOTO JUU YA MIFUKO YA DAWA

Ndugu wanakijiji,

Ukipita nyumba kwa nyumba hapa Mang'ula unakuta mifuko ya mbolea na ya mbegu imefumuliwa, ikashonwa, ikatandikwa kama jamvi. Jamani! Mbegu za mahindi za dukani huchanganywa na dawa ya kuua wadudu na ukungu, zikatiwa rangi ili mtu asizile. Mtoto anatambaa juu yake, anatia vidole mdomoni. Eti mfuko umefuliwa. Mfuko uliowekwa dawa haufai kwa kazi nyingine hata ukifuliwa mara kumi.

Mkeka wa plastiki una nafuu, lakini ukichakaa hauozi. Tunauchoma uani na moshi tunauvuta wenyewe.

Mkeka wa ukindu ndio wetu. Mikindu inaota mabondeni kando ya maji, na akina mama wanajua kusuka ukili na kushona. Ukichakaa unaozea shambani. Ila tukate kwa akili: ukimaliza makuti machanga yote, mkindu unadumaa. Wala mtu asipande Udzungwa kukata. Ule msitu ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992.

Najua mtasema bei. Kweli, mkeka mmoja ni kazi ya siku nyingi, na msukaji naye anakula. Basi ushirika ununue mikeka kwa akina mama, uwakopeshe wanachama, walipe wakivuna mpunga. Wenye watoto wachanga wapewe kwanza. Nitalileta hili mkutanoni, mje mseme.

Katibu wa Chama