Mbwa aliyekulindia nyumba miaka tisa



Wiki iliyopita ndugu yetu mmoja wa hapa Kibaha, mfugaji wa kuku wa mayai upande wa Msangani, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Mbwa wake wa ulinzi, mzee wa miaka tisa, aliamka siku moja miguu ya nyuma haiinuki. Daktari wa mifugo akakuta kile kilaini kinachokaa kati ya pingili za mgongo kimechomoza na kubana mishipa ya fahamu, akampasua. Sasa yuko nyumbani na mshono mgongoni, hasimami bila kushikwa, hata haja ndogo haimtoki mwenyewe. Na nyumba imegawanyika. Mama mkwe anasema hapo hapaswaliki tena. Kijana mkubwa anasema atafutiwe sumu yaishe. Jirani, mtu wa safu ya kwanza msikitini, amemwambia: mbwa wa kulinda anaruhusiwa, huyu halindi tena, basi ruhusa imekwisha.

Hilo neno la jirani nimelisikiliza mara tatu. Tuanze nalo, maana linafanana sana na elimu.

Ni kweli Mtume (s.a.w.) ametahadharisha kufuga mbwa bila haja, akamtoa humo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na wanazuoni wengi wakamwingiza mbwa wa kulinda nyumba. Lakini wewe ulishamchukua akiwa na nguvu, akakesha miaka tisa wewe umelala. Izz bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, aliyefariki mwaka 660 Hijria, amezitaja haki za mnyama juu ya binadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Mojawapo ni kumpa matunzo yake hata akizeeka au kuugua mpaka asiwe na faida yoyote kwako. Yaani mas'ala ya jirani yetu yalikwisha kujibiwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Tuje kwenye najisi, maana ndiyo inayowafunga watu mikono. Kwa Shafii mbwa ni najisi nzito: palipoguswa na majimaji yake panaoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Kwa Maliki mbwa akiwa hai mwili wake ni tohara, ingawa mkojo wake ni najisi. Sikuambii uhame madhehebu kwa ajili ya mbwa. Nakuambia hukumu ya najisi inakufundisha kuosha, na mwenye kuosha ameruhusiwa kugusa anapokuwa na haja. Kavu kwa kavu hakuhamishi najisi. Nunua glovu duka la dawa, tenga nguo moja ya kazi hiyo uitundike nje, mlaze mbwa baraza la nyuma au bandani, chumba cha kuswalia kibaki safi. Swala ya mama mkwe haibatiliki kwa kilichoko uani. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akapanda amekibana kwa meno, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu alimsamehe. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim, na sote tunakihutubia. Tukiletewa mbwa wetu wenyewe tunatafuta udongo wa kuoshea kabla hatujamgusa.

Sasa kazi yenyewe. Nimemuuliza daktari wa mifugo, na mengi ni kazi ya mikono kuliko fedha. Wiki nne mpaka sita mbwa akae sehemu finyu, asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Sakafu ya vigae inamtelezesha, tandika magunia. Alale kwenye godoro nene lililofunikwa nailoni, juu yake kitambaa kikavu, na ageuzwe ubavu kila baada ya saa nne hivi, usiku pia, la sivyo nyonga na viwiko vitatoka vidonda. Kibofu kikamuliwe taratibu mara tatu au nne kwa siku mpaka atakapoweza mwenyewe. Hili usijifunze kwa kusimuliwa, daktari aushike mkono wako akuonyeshe, kwa sababu mkojo unaobaki unaoza ndani na kibofu kinachojaa kupita kiasi kinaharibika. Ukiona mkojo una damu au unanuka vibaya, mpigie simu siku hiyohiyo. Kumsimamisha, pitisha taulo pana chini ya tumbo umbebee uzito wa nyuma. Mshono uangaliwe kila siku, asiulambe. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Mawili watu wanayakosea. Dawa zetu za maumivu, ibuprofeni na diklofenaki, usimpe hata kidonge kimoja, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake, kwa hiyo watoto wakae mbali, na chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka.

Wapo watakaoniandikia hapa chini: Shekhe, kuna yatima hawajala, wewe unazungumzia mbwa. Wana haki ya kuuliza. Asiyekuwa na fedha ya upasuaji hana dhambi kwa kushindwa, na zaka ya yatima haiguswi kwa jambo hili. Ila matunzo ya mnyama uliyemfunga mnyororo getini kwako ni deni lako, na sijamwona anayewalisha yatima kwa fedha alizookoa kwa kumtupa mbwa.

Na asipopona? Zikipita wiki, miguu haisikii hata ukiifinya, vidonda vinaenea, chakula amekataa? Hapa wanazuoni wanatofautiana, na wapo wasiokubali kabisa auawe. Mimi naona daktari amdunge sindano alale asisikie, ni bora kuliko kuoza akiwa hai. Sumu ya panya, mawe na kumwacha na njaa, hayo hayana mjadala, na hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza ukatili kwa mnyama.

Nayasema haya nikiwa na deni langu. Miaka ya nyuma niliulizwa swali kama hili nikiwa na haraka ya kwenda kwenye hitima. Nikajibu kwa neno moja: mtoeni. Wakamtoa, wakamwacha kando ya barabara ya Morogoro, hawezi kutembea. Niliulizwa juu ya amana, nikajibu juu ya najisi. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na yule niliyemjibu, kama anasoma, namwomba pia.

Ndugu yetu wa Msangani amenitumia sauti nyingine juzi usiku, fupi. Siku ya kumi na moja mbwa amekojoa mwenyewe. Kijana mkubwa sasa anashika zamu ya saa nane za usiku. Mama mkwe bado anaswali kwa jirani.

Wabillahi tawfiiq.