Binti Asomaye Hadithi

Baba mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi alitujia juma lililopita, uso umemkunjamana. Amemkuta binti yake, mwanafunzi wa sekondari, akisoma Le bel immonde, riwaya ya Kifaransa juu ya mwanamke wa baa kule Kinshasa. Alituuliza, “Bwana mwalimu, nimnyang'anye?”

Hatukumjibu upesi. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1976, kiliandikwa na Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyepata kuwa mtawa wa Kibenedikto, na baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha mji wetu. Amefariki mwaka 2025. Twakubali kwamba mambo yake si ya kusomewa watoto mezani. Lakini mtu akisoma kwa makini ataona neno. Mwanamke yule, aitwaye Ya, apendwa na waziri. Na watu wake mwenyewe, walioingia katika uasi wa miaka ya 1960, wamtaka amsaliti waziri huyo. Mmoja amtumia kwa anasa, wengine wamtumia kwa vita. Ni nani aliyemwuliza yeye ataka nini? Basi aibu ya kitabu si ya mwanamke peke yake, na akina baba tungefanya vema kuisoma kabla ya kukasirika.

Hata hivyo hatupendi binti zetu wadhani kwamba mwanamke wa Kongo hawezi kuingia katika riwaya ila kwa mlango wa baa. Kwa sababu hiyo tulimpa yule baba kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, Shaba deux, cha mwaka 1989. Shaba, kama wazee wajuavyo, ndilo jina la Katanga wakati ule. Habari yenyewe ni ya Kolwezi, Mei 1978: waasi waliingia mjini tarehe 13, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Ni jamaa ngapi katika mji huu wasio na mtu wa kumlilia tangu siku zile?

Katika vita hivyo Mudimbe amweka mtawa Mwafrika, Mama Marie-Gertrude. Masista wa Ulaya wanapoondoka, ulezi wa nyumba wamwangukia yeye. Naye ndiye aandikaye, siku kwa siku, katika daftari zake: sala, hofu, mashaka. Si mtakatifu wa sanamu. Hatuambiwi jinsi alivyo mzuri wa sura wala nani amtamani. Twasikia jinsi anavyofikiri, na hilo ni jambo adimu katika vitabu tulivyolelewa navyo shuleni. (Kweli, aliyeshika kalamu nyuma yake ni mwanamume. Twangojea binti wa Kolwezi atuandikie mwenyewe.)

Yule baba alichukua kitabu, akasema atakisoma kwanza yeye, kisha ampe binti. Hajakirudisha bado.